Vepu za Uyole na Mtani Niliyemnunia

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili asije akatokea mtu wa Uyole kunisemea. Nikiwa mdogo, mama akinituma dukani Ipogolo kununua mafuta ya taa, nilirudi nikinusa chupa njia nzima, nina hakika muuzaji kachanganya na maji. Nimeolewa nikiwa hivyohivyo. Hata siku ya msiba wa mume wangu, Mungu amrehemu, kati ya kilio na kilio nilikuwa naangalia nani anaondoka na sufuria ya nani. Watu walinicheka, lakini sufuria mbili nilizirudisha.

Kwa hiyo lilipokuja agizo kwamba vepu zisiuzwe ila kwa kibali maalumu, sikujiuliza kama kuna mtu nyuma ya jambo hili. Nilijiuliza ni nani.

Duka langu liko Uyole, pale njia inapogawanyika, moja inashuka kwenda Kyela na nyingine inapita Mbeya mjini kwenda Tunduma. Nauza chaja, kava za simu, tochi, hedifoni, vitu ambavyo dereva wa lori anakumbuka kuwa anavihitaji akishazima injini. Vepu niliziingiza kwa sababu hao hao madereva waliziulizia. Wengine waliziita sigara ya umeme, wengine kifilimbi, maana unakitia mdomoni unavuta na taa ndogo inawaka. Ndani unaweka maji yake, yenye ladha ya mnanaa au embe au tumbaku. Sikumuuzia mwenye sare ya shule hata siku moja. Kijana akija hana ndevu na hana kitambulisho, nilimuuzia chaja, na kama alikuwa na chaja, nilimuuzia nyingine.

Lakini niseme ukweli, nisingezipigania vile kama si kaka yangu.

Kaka yangu yuko Ipogolo mpaka leo, kule kwetu Iringa, chini ya mlima, kwenye gereji za kando ya barabara kuu. Ni fundi wa springi za malori. Alianza kuvuta sigara kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, na aliendelea kuvuta nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa. Kifua chake nilikuwa nakisikia kwenye simu kabla hajasema haloo. Alijaribu kuacha kwa pipi, kwa karanga, kwa maombi, hata kwa hasira. Kila mara alirudi kwa sigara na aibu juu.

Siku moja nikamtumia vepu kwa basi, na chupa za maji ya mnanaa. Akanipigia akicheka. "Mdogo wangu, umenitumia filimbi? Unataka nikawe mwamuzi wa mpira?" Nikamwambia avute kwanza, maneno baadaye. Wiki ya kwanza alivuta vyote viwili. Mwezi wa pili sigara ikawa ya jioni tu. Baadaye nikaona hazungumzii tena sigara, nami nikaogopa kuuliza, maana kitu kizuri ukikiulizauliza kinaweza kukimbia.

Kutoka Ipogolo kupanda mjini Iringa ni mlima wa kweli. Kaka alikuwa akipanda kwa miguu anapumzika mara tatu njiani, anajifanya anatazama mandhari. Asubuhi moja alinipigia na kuniambia, "Sikiliza." Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikamwambia sisikii kitu, mtandao wako mbaya. Akasema, "Niko juu mjini. Nimepanda bila kusimama. Hiyo usiyoisikia ndiyo nilitaka usikie." Nililia palepale dukani, mteja ananisubiri na tochi mkononi.

Mimi si daktari. Daktari wake alimwambia aache vyote viwili, na sibishani na daktari. Vepu si maziwa. Lakini mtu aliyeachwa katikati ya vitu viwili, kimoja kikimuua haraka na kingine sijui vipi, mimi ndugu yake nitamchagulia kile ambacho kimempandisha mlima. Mwenye roho nyingine achague vingine kwa ndugu yake.

Sasa agizo. Tuliitwa ofisi ya kata, wafanyabiashara wadogo wote, tukakaa kwenye mabenchi, afisa akasoma. Vepu haziuzwi bila kibali. Kibali kinataka chumba cha peke yake, stoo ya kufungwa, na duka liwe mbali na shule. Nikatazama wenzangu. Uyole hii yote, ukitupa jiwe linaangukia shule. Nani mwenye chumba cha peke yake? Tajiri. Nani mwenye stoo? Tajiri huyohuyo. Nikaona kabisa kwamba karatasi ile imeandikwa na mtu anayejua vipimo vya duka langu.

Nikanyoosha mkono. "Na sigara je, ndugu afisa? Kibanda kilicho mbele ya geti la shule kinauza sigara mojamoja, na kiberiti kimefungwa kwa kamba ili wateja wawashie. Nacho kimepewa kibali?"

Akasema, "Mama, sigara ina sheria yake."

"Na mapafu yana sheria gani?"

Watu wakacheka, afisa naye akatabasamu kidogo, halafu akaendelea kusoma. Tukaandika barua ya kupinga, mimi na wenzangu wanne, mmoja wa Mbalizi. Ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Nilipofuatilia niliambiwa inafanyiwa kazi. Kazi gani inafanywa kwa barua iliyolala kwenye trei, sijaambiwa mpaka leo.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu za siri. Nikaziondoa vepu kwenye kioo nikaziweka nyuma ya chaja, rafu ya chini, kwenye maboksi. Alijua mtu mmoja tu, mtani wangu.

Huyu naye nimweleze. Mimi Mhehe, yeye Mngoni, na duka lake la viatu vya mitumba limeshikana na langu ukuta kwa ukuta. Babu zetu walipigana vita vikali, na vita vilipokwisha kikabaki utani. Mngoni anaweza kuingia nyumbani kwangu akachukua kuku, na nikinuna mimi ndiye nitakayeonekana sina adabu. Yeye aliniita mtumwa wake, mimi nilimwita mtumwa wangu, na kila asubuhi tulibishana nani alimkimbia nani, kisha tukanywa chai ya birika moja. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, ndiyo maana hata vifurushi vya kaka vilikuwa vikiandikwa na yeye. Alikuwa akiongeza pembeni, "Kwa mla mbwa wa Ipogolo," maana watani hutusema Wahehe kwamba tunakula mbwa, na makondakta wa mabasi walikuwa wanacheka.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa anafanya kazi ofisi ileile ya yule afisa. Hili nililijua siku zote. Halikuwahi kunisumbua mpaka lilipoanza kunisumbua.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne mchana. Mtani akaingia, hakusalimia, akapita nyuma ya meza kama kwake, akainama rafu ya chini. Akatoa boksi moja zima la maji ya mnanaa, akalitia chini ya kitenge chake. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Nakusanya ushuru kwa mtumwa wangu." Nikacheka. Nikamwambia Mngoni gani huyu anavuta mnanaa, akanywe pombe ya ulanzi kama watu. Naye akacheka, lakini alitoka haraka, na chai ya saa kumi siku ile hakuja.

Jumatano asubuhi maofisa wakaingia dukani, watatu. Walikuwa na heshima zao, siwezi kuwasingizia. "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu." Halafu yule wa mbele akaenda moja kwa moja rafu ya chini, nyuma ya chaja. Hakutazama kioo, wala juu, wala kwenye droo. Wakabeba yote, wakaniandikia karatasi, wakaaga.

Nikakaa kwenye stuli yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikiona kwa macho yangu kikiingia ndani ya kitenge. Kwa nini achukue boksi jana? Ni kielelezo, amepeleka kwa shemeji. Kwa nini wajue rafu? Amewaambia. Kwa nini hakuja chai? Aibu. Kila swali nililojiuliza lilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa na sura moja. Nikafurahi hata, Mungu anisamehe, kwa jinsi nilivyoona mbali.

Sikumwambia kitu. Nikamnunia. Akija mlangoni najifanya naongea na simu. Baada ya siku kumi hivi alikuja tena, nilikuwa nafunga hesabu za mchana, amekunja mkono chini ya kitenge kama amebeba kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mtani, nina neno." Nikajua amekuja kupeleleza kama nimeingiza mzigo mwingine. Nikaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, nikampa mgongo nikaanza kupanga kava. Alisimama wimbo mzima. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda.

Halafu ukaja msiba wa mzee mmoja wa mtaa wetu, na huko ndiko nilikoharibu.

Msibani watani wana kazi yao. Wanazuia njia, wanaficha mwiko, wanamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Mtani wangu alikuwa amejifunga kamba kiunoni, amejipaka majivu, anaburudisha wanawake jikoni. Akanisogelea na ungo, akaniambia mbele ya wote, "Mtumwa wangu huyu amekonda, amenyang'anywa filimbi zake." Wakacheka. Nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kunirudia, ya kufungua mlango niliomfungia. Sasa naliona. Wakati ule nilisikia mtu ananicheka baada ya kuniibia.

Nikasimama. Nikasema, na si kwa utani, "Wewe usinitanie. Wewe ndiye uliyenichongea kwa shemeji yako. Ulinichukulia maji ya mgonjwa ukapeleka ofisini upate sifa. Nimekuona. Huna utani na mimi tena wewe, ni mchonganishi tu."

Bibi mmoja wa Kisafwa aliyekuwa anachambua mchele alisema taratibu, "Mwanangu, mtani hanuniwi." Mtani wangu alifungua ile kamba kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kinu. Akanawa majivu usoni. Akaondoka.

Kuanzia kesho yake alinisalimia vizuri. Hapo ndipo ungejua kwamba mambo yamekwisha. "Habari za asubuhi, mama." "Pole na kazi." Kama mteja, kama mgeni aliyeshuka basi jana. Hakuniita mtumwa tena. Nami nikamjibu "Salama" na kumpuuza, nikajiambia mwizi akikamatwa huwa mpole.

Huku nyuma maji ya kaka yalikuwa yanakwisha. Alikuwa amebakiwa na chupa moja na nusu, akawa anaipima kama mtu anayepima chumvi wakati wa njaa. "Usijali, mdogo wangu, navuta kidogokidogo." Nikazunguka. Mjini nikaambiwa nenda kwa wenye vibali, nikaenda, wenye vibali wakasema mzigo bado haujafika. Nikacheka peke yangu. Unazuia wadogo kwa ajili ya wakubwa, na wakubwa nao hawana.

Nikafunga safari hadi Mbalizi, kwa yule mwenzetu tuliyesaini naye barua. Nilisikia anauza kwa kificho. Nikamwambia mzee, mimi ni yule mama wa Uyole, tulikaa benchi moja, nina mgonjwa, nataka mnanaa chupa mbili tu. Akanitazama kutoka viatu mpaka kilemba. "Mama," akasema, "hapa tunauza chaja tu." Nikamkumbusha barua. Akasema, "Barua gani?" Alidhani nimetumwa. Nilitoka nimechukia kweli, nikasema rohoni binadamu gani huyu asiyemwamini mwenzake. Hasira haikuniruhusu kujisikia.

Wiki ya sita hivi nilimpigia kaka, na kabla hajasema haloo nikakisikia kifua. Nikamuuliza umeanza tena. Akasema hapana, ni vumbi la gereji. Mimi na kushuku kwangu kote, jibu hilo nilitaka sana kuliamini, na nililiamini siku tatu nzima. Siku ya nne nikapanda basi. Nilishuka Ipogolo mchana, nikamkuta chini ya lori, akatoka akijifuta mikono na tambara. "Kamwene," akanisalimia kwa kwetu, na akaniinamia kunishika mkono. Koti lake lilinuka sigara hata kabla hajafika.

"Nilinunua moja tu," alisema. Mtu mwenye miaka yake, fundi anayeheshimiwa na madereva wa nchi tatu, ananieleza mimi mdogo wake kama mtoto aliyevunja sahani. "Pale kibandani, kando ya gereji. Kiberiti kinaning'inia palepale, mdogo wangu. Sikuhitaji hata kuwa na kiberiti." Baada ya ile moja ikaja nyingine.

Nilirudi Uyole nimejaa maneno. Nilikwenda ofisi ya kata nikasema yote. Kwamba mmemnyima mtu kinachomsaidia mkamwachia kinachomuua, na mnaita hiyo afya ya jamii. Kwamba kama ni watoto wa shule, nikamateni siku nitakayomuuzia mtoto, mnifunge, nitakwenda mwenyewe. Kwamba mimi nina kaka mmoja. Walinisikiliza, wakanipa kiti, wakaniambia niandike. Nikaandika. Yale niliyoyasema siku ile nayaamini mpaka leo, na nikiitwa kesho nitayarudia bila kupunguza. Karatasi inayomzuia muuza chaja na kumwacha muuza sigara ni karatasi mbaya, sijali imeandikwa kwa nia gani. Na kila mtu aliyeniuliza kaka yako vipi, nilimjibu: serikali imemrudisha kwenye sigara, serikali na yule jirani yangu mchonganishi.

Mwezi wa nne tangu wabebe mali yangu, asubuhi moja mtani aliingia dukani. Hakusema habari za asubuhi. Akaweka boksi juu ya meza. Lilikuwa lilelile, gundi ya pembeni haijafunguliwa.

"Shemeji amehamishwa jana," akasema. "Amekwenda Sumbawanga. Sasa naweza kusema."

Akanisimulia akiwa amesimama, sikumkaribisha kukaa, akili yangu haikuwepo. Ile Jumanne, shemeji yake alikula kwao chakula cha mchana na kuropoka kwamba kesho wanapita madukani. Akamwapisha asimwambie mtu, maana ingejulikana imetoka kwake na kazi ingekwisha. Mtani akaapa. Halafu akakaa anawaza kaka yangu. Aliyajua maji ya kaka yangu vizuri, si ndiye aliyekuwa anaandika vifurushi. Kusema hawezi, ameapa. Lakini mtani kuchukua kitu dukani kwa mtani wake si kusema. Akachukua boksi moja, la mnanaa, lile lile, alifiche mpaka mambo yapoe, kisha aniletee. Angechukua zaidi ningeshtuka na kumuuliza, naye hajui kudanganya akiulizwa.

"Na rafu?" nikasema. "Walijuaje rafu ya chini?"

"Shemeji alicheka sana nilipomwambia ulivyonishutumu msibani. Kila duka la chaja walilopita, vepu ziko nyuma ya chaja. Mnadhani ni ninyi peke yenu wenye akili?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniletea. Nilijua jibu likiwa njiani linakuja, ila mdomo ulishauliza.

"Nilikuletea," akasema. "Siku ya redio." Akalisukuma boksi upande wangu. "Baada ya msiba, ningetoaje? Watu wote wameshasikia nimelichukua kupeleka ofisini. Ningelitoa, wangesema si hilo hapo? Na shemeji naye angeulizwa nililichukua kwa nini siku moja kabla." Kisha akasema tena, polepole, "Na nilikasirika pia. Nisikudanganye. Mtani naye ana moyo. Kuna siku ningeweza kulituma kwa basi, na nikasema acha, aende akamuulize serikali yake."

Nilimwomba msamaha. Sikujua namna ya kumwomba mtani msamaha, maana kwenye utani hakuna kosa, kwa hiyo hakuna msamaha uliotengenezwa. Nilishika tu miguu yake palepale sakafuni, dereva mmoja akiwa mlangoni anataka kava. Akaniinua. "Inuka, mtumwa," akasema, akinipangusa vumbi la sakafu. "Twende Ipogolo."

Tulikwenda siku ileile. Nilifunga duka, jambo nisilofanya, na tukakaa viti vya pamoja toka Uyole mpaka Ipogolo, boksi liko mapajani mwangu. Tulipopita Makambako alinunua mahindi ya kuchoma akanipa nusu.

Kaka alikuwa kwenye kivuli cha banda la gereji, amekalia rimu, sigara mkononi. Amepungua. Ile kola ya shati ilikuwa imemzidi shingo. Alipotuona aliificha sigara nyuma ya mguu, halafu akaona ni upuuzi, akaitoa. Mtani akaanza kazi yake mara moja: akamwuliza kama mbwa wa mtaa huu wamebaki wangapi, kaka akamjibu wamebaki wawili, amemhifadhia mgeni mmoja. Nikaweka boksi mapajani mwake.

Akaligeuza. Akasoma yale maandishi ya ladha. Kaka yangu ni fundi, anajua kitu kikikaa kinavyokuwa, na alifuta vumbi la juu kwa kidole gumba. "Hili si jipya," akasema. "Hili ni la mzigo ule wa zamani." Akanitazama mimi. "Lilikuwa wapi muda wote huu?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimelipanga jibu tangu Makambako.

"Niliiba mimi," mtani akasema. "Kwa mdogo wako. Wangoni tulitoka Kusini kule tukiiba njia nzima, ningeacha boksi moja? Nimelichoka sasa, nakurudishia."

Kaka akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, kichwa nyuma, kama alivyokuwa akicheka zamani mama akiwa hai, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikwisha. Akainama. Akashika nguzo ya banda. Mafundi wenzake wakaacha nyundo wakamtazama, mmoja akaja na kikombe cha maji nikakipokea nikakishika, sikuweza kumpa, mikono yake haikuwa na nafasi. Kilipomwacha alikuwa na machozi, na midomo imebadilika rangi.

Akanirudishia boksi. "Mpe mwingine, mdogo wangu," akasema. "Kile kifilimbi nilishakigawa. Na hata ningekuwa nacho. Kuacha kule mara ya kwanza kulichukua nguvu zangu zote. Nguvu ile sina tena."

Nikamwambia atajaribu, nitamletea kingine, tutajaribu pole pole. Akanipigapiga mkono kama ninayeumwa ni mimi. Kisha akamgeukia mtani na kumtisha kwa kidole, "Mngoni wewe, umeniua," akiwa anacheka bado, na mtani akamjibu, "Ndiyo kazi tuliyoachiwa," naye akicheka, na mimi nimekaa katikati yao na kikombe cha maji.

Nimekwenda Ipogolo mara tano tangu hapo. Kaka amekipenda kile kisa, anawasimulia madereva jinsi Mngoni alivyoiba dawa yake akailalia miezi minne, na watu wanacheka, nami nakaa palepale nasikiliza. Mtani hajawahi kumsahihisha. Kila nikipanda basi Uyole najiambia leo namwambia kaka ukweli. Bado sijamwambia.